Nisimame Nyuma ya Nani?

Julai 2018 tuliitwa uwanjani kumchagua mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, kwa mara ya kwanza tangu 2001. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mgombea anasimama, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, msimamizi anapita akihesabu vichwa. Mtaani kwetu hapa Busia, mpakani na Kenya, walisimama wawili, mmoja wa chama tawala na mwingine wa upinzani. Wote ni majirani zangu, na wote walikuwa wakinunua maharagwe dukani kwangu.

Nilijipanga nyuma ya yule niliyeona ana subira ya kusikiliza kesi za watu. Sitasema ni yupi, maana mpaka leo jambo hilo halijapoa. Aliyeshindwa hakuondoka mara moja. Alisimama pale akiuangalia mstari wa mwenzake, uso kwa uso, mpaka mwisho. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena dukani kwangu.

Kuna kitu kingine nilikiona pale. Chini ya mwembe walibaki watu kama kumi na watano hivi, wengi wao wanawake, hawakwenda upande wowote. Mistari yote miwili iliwazomea kwa pamoja: wanafiki! Hilo ndilo jambo pekee ambalo pande mbili zilikubaliana siku hiyo.

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza, kwani mwenyekiti wa kijiji ana uzito gani? Ana muhuri. Huku kwetu ukitaka kufungua akaunti benki, ukitaka kitambulisho cha taifa, ukitaka kumdhamini ndugu yako mahakamani, unaanza na barua ya mwenyekiti. Sasa fikiria umejipanga nyuma ya mpinzani wake, mchana kweupe, na kesho unataka muhuri wake. Muhula wao ulikuwa wa miaka 5, ukaisha Julai 2023, ukaongezwa. Kwa hiyo kumbukumbu ya ile mistari nayo imeongezewa muda.

Nimeusimulia uwanja huo kwa sababu naona siasa za nchi yetu nzima zimekuwa vile. Kila neno unalosema, watu wanatazama kwanza uko mstari gani.

Mama yangu ni wa manjano, rangi ya NRM, chama tawala cha Rais Museveni, na ana sababu zake. Mwanzoni mwa 1986, wanajeshi walioshindwa Kampala walipokuwa wakikimbia kupitia mashariki, alilala porini na watoto wawili, nyumba ikaporwa mpaka mlango. Kila nikilalamika ananijibu: mwanangu, tunalala usingizi. Siwezi kumwambia usingizi ule si kitu. Lakini nikimwuliza ilikuwaje katiba ya 1995 ikatuahidi mihula miwili ya urais, ahadi ikafutwa 2005, kisha Desemba 2017 kikomo cha umri wa rais, miaka 75, nacho kikafutwa kwa kura 317 dhidi ya 97, ananitazama kama nimemtukana Museveni, aliyemrudisha nyumbani.

Vijana wanaonibebea magunia ni wa nyekundu, rangi ya NUP, chama cha upinzani cha Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine. Wamezaliwa baada ya 1986, kama walivyo zaidi ya robo tatu ya raia wa nchi hii. Kwao usingizi si shibe. Wanakumbuka Novemba 2020, Kyagulanyi alipokamatwa Luuka, na watu zaidi ya 50 wakauawa katika ghasia zilizofuata. Wanamkumbuka Besigye, mpinzani wa miaka mingi, aliyechukuliwa Nairobi Novemba 2024 akaibukia mahakama ya kijeshi. Mahakama ya Juu ikasema Januari 2025 kwamba raia hawashtakiwi huko, na kabla ya Mei kwisha Bunge likawa limepitisha sheria ya kuwarudisha huko huko. Hapo naungana nao kabisa. Ila siku nikisema kuna mjane jirani yangu aliyepata shilingi milioni 1 ya PDM, mpango wa serikali wa kuinua kipato vijijini, akanunua nguruwe, na leo analipa karo, wananiita pandikizi. Pandikizi! Mtu anayewalipa kila Jumamosi.

Ningevumilia matusi kama viongozi wetu wangekuwa na nafasi ya kutusikia sisi tunaoishi kwa kazi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalipanga foleni hapa mpakani, mahindi yakiwa juani, madereva wanalala chini ya magari. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, lakini mimi nilikuwa tayari nimeuza kwa hasara. Sumukuvu ni suala la kukausha mahindi vizuri, la maturubai, maghala na mashine za kupima unyevu. Halina chama. Nilisikiliza redio wiki nzima nikingoja mwanasiasa mmoja, wa rangi yoyote, aliongelee hilo kwa dakika kumi. Wote walikuwa bado kwenye uchaguzi wa Januari, nani aliibiwa na nani ni mhuni.

Lakini kwenye pesa zao hawagombani. Mwaka huo huo wa 2021 kila mbunge, wa serikali na wa upinzani, alipewa shilingi milioni 200 za gari. Wabunge 529. Na mwaka 2022 viongozi wa Bunge waligawiana tuzo ya utumishi. Mathias Mpuuga, aliyekuwa akiongoza upinzani bungeni, alipata milioni 500. Alijitetea kwamba ilikuwa halali, na sina ugomvi na wanasheria. Mimi niliumia kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu dukani kwamba angalau yule ni mtu mtulivu, mwenye hoja.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini sisi wa katikati tumechoka, jibu langu si kwamba hatujapata wa kumchagua. Mugisha Muntu alikuwapo. Jenerali mstaafu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, asiyepayuka, anayezungumzia kujenga taasisi badala ya kuabudu watu. Miaka yote aliyokuwa FDC, chama cha upinzani, wenzake walimnong'ona kuwa ni pandikizi wa serikali. 2018 akaondoka, kisha akaanzisha chama chake. 2021 nilimpigia kura, tena kwa furaha, nikawaambia watu wazi. Nchi nzima hakufikisha hata asilimia 1. Vijana wangu walinihurumia kuliko kunicheka: mzee, umetupa kura. Mama naye alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Sikuwa na jibu la kuwapa, na nadhani hapo ndipo kitu kilianza kulegea ndani yangu.

Si mimi peke yangu. 1996, nilipopiga kura yangu ya kwanza ya rais, zaidi ya watu saba katika kila kumi walioandikishwa walijitokeza. 2021 hawakufika sita. Januari 2026 walizidi nusu kidogo tu. Wanaochambua husema watu ni wavivu, au wanaogopa askari. Woga upo, sikatai. Lakini nawafahamu wengi waliobaki nyumbani, na ni wale wale wa chini ya mwembe.

Mimi nilikwenda. Tarehe 15 Januari nilifika shuleni mapema, mashine za alama za vidole zikagoma kama zilivyogoma vituo vingi, tukangoja mpaka jua likawa kali. Intaneti ilikuwa imezimwa, wenye laini za Kenya wakasogea kuelekea mpakani kutafuta habari. Hatimaye nikapewa karatasi zangu, nikaenda kwenye lile beseni la plastiki tunalowekea alama. Nikainamisha kichwa. Hapo hakuna mstari, hakuna anayekuangalia uso. Kwa miaka minane nilikuwa nimejiambia kwamba tatizo langu ni ule uwanja, kwamba nikipewa faragha nitajua la kufanya.

Kwenye karatasi ya rais kulikuwa na sura nane. Ya Muntu ilikuwapo. Nikaweka kalamu karibu na jina lake, na sauti iliyonijia haikuwa ya mama wala ya vijana wa magunia, ilikuwa yangu mwenyewe: unatupa kura. Nyuma yangu mtu alikohoa, foleni ilikuwa ndefu. Nikaikunja karatasi vile vile nilivyopewa, nikaitumbukiza.