Picha ya ubongo hupima damu: tuiamini kwa kiasi gani?

Ukiona picha ya ubongo yenye mabaka mekundu na maelezo kwamba "hapa ndipo hofu inapokaa", fahamu kwanza kuwa mashine haikuona hofu. Haikuona hata seli moja ya neva ikifanya kazi. Ilichopima ni damu, na wekundu ule ni rangi iliyowekwa na kompyuta baada ya mahesabu marefu.

Kipimo hicho, kinachofanywa kwa mashine yenye sumaku kubwa, huitwa fMRI, na kinategemea mambo mawili. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba himoglobini (protini ya damu inayosafirisha oksijeni) iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitua hazina tabia moja mbele ya sumaku: hii ya pili huvutwa na sumaku, hivyo huvuruga kidogo mawimbi yanayopokewa na mashine. Jambo la pili ni ulaji wa ubongo wenyewe. Una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya maana. Eneo likianza kazi, mishipa midogo ya hapo hutanuka na damu humiminika, tena kupita mahitaji. Mwaka 1986 Peter Fox na Marcus Raichle walionyesha mtiririko wa damu ukipanda kwa asilimia 29 hivi huku matumizi ya oksijeni yakipanda kwa asilimia 5 tu. Ni sawa na mwenyeji aliyesikia hodi ya mgeni mmoja akapika wali wa watu kumi. Sisi tunaupima wali uliobaki, kisha tunasema mgeni alikuja. Seiji Ogawa na wenzake waliitumia ziada hiyo kwa panya mwaka 1990, na kufikia 1992 timu kadhaa za Marekani zilikuwa zimeionyesha kwa binadamu.

Kwa vitendo huwa hivi. Mtu analala chali, kichwa kimeshikizwa kwa sponji, masikio yamezibwa kwa sababu mashine inagonga kwa kelele kubwa. Anaambiwa achezeshe vidole vya mkono wa kulia kwa nusu dakika, apumzike, kisha arudie. Upande wa kushoto wa ubongo, kwenye ukanda unaoongoza mkono, kipimo kinapanda kwa asilimia chache tu, na baada ya tukio la mara moja hakifiki kilele mpaka zipite sekunde tano au sita. Seli za neva huzungumza kwa muda wa sehemu chache tu za elfu za sekunde moja. Damu inafika mazungumzo yakiwa yamekwisha.

Wanaokitetea kipimo hiki wana hoja za kweli. Nikos Logothetis na wenzake walipima nyani mwaka 2001 kwa fMRI na vinasa umeme kwa wakati mmoja, wakakuta mabadiliko ya damu yanafuatana na shughuli za umeme za eneo lile. Madaktari wa upasuaji hukitumia kujua maeneo ya lugha na ya mikono yalipo kabla ya kutoa uvimbe. Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote kwangu ni ya mwaka 2006. Adrian Owen na wenzake walimpima mwanamke ambaye, tangu ajali ya barabarani, hakuonyesha dalili yoyote ya kufahamu yanayomzunguka. Alipoambiwa ajione akicheza tenisi, kisha ajione akipita chumba hadi chumba nyumbani kwake, ubongo wake uliitika kama wa watu wazima wa afya. Kipimo kinachoweza kumtambua mtu aliyefungiwa ndani ya mwili wake hakistahili kudharauliwa.

Upande wa pili nao hauna mzaha. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine na kumwonyesha picha za watu. Bila kusahihisha hesabu kwa ajili ya maelfu ya vipimo vinavyofanywa kwa mkupuo, ambavyo baadhi hutoa jibu kwa bahati tu, sehemu za ubongo wake "zilifanya kazi". Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data zilezile zichambue, na majibu yao yakatofautiana kwa kiasi cha kutisha. Na mahakama moja ya shirikisho huko Tennessee, Marekani, ilikataa mwaka 2010 kupokea fMRI kama ushahidi kwamba mshtakiwa anasema kweli. Ilifanya vyema. Eneo lilelile la ubongo huweza kuitikia hofu, furaha na jambo geni. Huwezi kuliona limeitika ukajua mtu anawaza nini.

Kwa hiyo naiamini fMRI inapoulizwa "wapi", hasa kwa kundi la watu. Ikiulizwa "huyu hapa anafikiri nini", siiamini.

Kuna jambo ambalo linatugusa sisi zaidi, na halijadiliwi vya kutosha. Kipimo kinachotegemea himoglobini kinabadilika himoglobini ikipungua. Afrika Mashariki ina watoto wengi wenye upungufu wa damu, na wengi wenye selimundu, ugonjwa ambao hubadilisha pia mtiririko wa damu kichwani. Mlinganishe mtoto kama huyo na mwenzake mwenye damu ya kutosha, na huenda ukakuta tofauti kwenye picha hata kama seli zao za neva zinafanya kazi sawasawa. Mtafiti asiye mwangalifu ataandika kwamba ubongo wa mtoto wetu ni dhaifu. Kila utafiti wa namna hii unaofanyika kwetu upime himoglobini ya mshiriki siku ileile na kuichapisha pembeni ya picha.