Fondanti inayobaki kwenye sahani

Shughuli ikiisha huwa napita kuangalia sahani. Keki imeliwa, lakini pembeni ya sahani karibu kila moja kuna kipande cheupe kimekunjwa kama soksi. Hicho ni fondanti, shuka la sukari linalofunika keki. Niliinunua dukani kwa ndoo, nikaikanda na kuisukuma usiku mzima, halafu wageni wakaimenya kama ganda la chungwa. Niliona aibu mara ya tatu ndipo nikaanza kutengeneza yangu kwa mashimelo, pipi laini kama sponji.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Mashimelo meupe gramu 450, vijiko viwili vikubwa vya maji, sukari ya aisingi kama gramu 900, lakini sukari usiimwage yote kwa mpigo. Yayeyushe kwenye maikrowevu kwa sekunde 30, koroga, rudia. Umeme ukikatika, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto linatosha. Mikono ipakwe mafuta mgando ya kupikia mpaka juu ya vifundo, maana mashimelo yaliyoyeyuka yananasa kama ulimbo. Kanda huku ukiongeza sukari mpaka upate donge kama la chapati lililopumzika. Lipake mafuta, lifunge nailoni, lilale mezani hadi asubuhi.

Mezani, nimesema. Friji ndiyo iliyoniharibia keki ya buluu ya kipaimara. Hapa Dar, mwezi wa Machi, ukitoa keki ya fondanti kwenye baridi inatokwa jasho papo hapo, na mimi nilikuwa nimetumia rangi ya maji. Ilifika ukumbini ina michirizi kama mtoto aliyelia. Sasa natumia rangi nzito ya jeli, naiweka keki mbele ya feni, na gliserini, ile ya kulainisha fondanti, siigusi kwa kuwa inavuta unyevu, nao huku kwetu tunao wa kugawa.

Kilichonifundisha zaidi ni swali. Mama mmoja alikuja kuchukua keki ya ndoa ya bintiye. Shikamoo, marahaba, akaizunguka keki mara mbili, akauliza: "Mwanangu, hii nyeupe ina nini ndani?"

Nikamtajia mashimelo kwa majivuno. "Na mashimelo yana nini?"

Nilienda kulitoa pakiti kwenye ndoo ya taka. Limeandikwa jelatini, basi, mnyama hakutajwa. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa, na nyingi ni ya nguruwe. Yule mama hakugomba. Alivua miwani, akasema, "Basi tufanyeje, mama?" Nikaivua keki fondanti yote, nikaondoa na krimu iliyokuwa chini yake, nikaipaka krimu mpya ya siagi, waridi mbichi juu. Ilichukua saa mbili na sikumtoza hata shilingi.

Nakiri kwamba hapo baadhi ya fondanti za dukani zinanishinda, kwani hutengenezwa kwa gundi za mimea bila jelatini kabisa. Zinanishinda pia kwenye maua: ya mashimelo ni laini mno, petali zinalala kabla hujamaliza ya pili, labda uongeze poda ya CMC, gundi ya unga inayoikaza fondanti. Kwa hiyo sinyanyui pua. Maua nanunua fondanti, lakini shuka la kufunika keki lazima liwe langu, lisukumwe liwe jembamba, milimita tatu hivi, kwa sababu linaliwa. Wanaosema fondanti ni ya macho tu wananikera. Kitu kisicholiwa kina kazi gani juu ya keki?

Mashimelo ninayonunua sasa ni ya jelatini ya ng'ombe, yana alama ya halali, na bei yake ni kubwa kidogo. Yule mama amerudi, safari hii kwa keki ya akika. Boksi lilipotoka kwangu, pakiti tupu nilikuwa nimelibandika kwa selotepu upande wa ndani wa kifuniko.