Teleportesheni ya kwanta: thamani yake iko kwenye vituo vya kati

Teleportesheni ya kwanta haimsafirishi mtu wala kitu. Kinachohama ni hali ya chembe. Fotoni (chembe za mwanga) mbili zilizofungamana, yaani zenye hali zilizounganishwa hata zikiwa mbali, hugawanywa: moja hubaki kwa mtumaji, nyingine huenda kwa mpokeaji. Mtumaji huipima yake pamoja na ile yenye hali anayotaka kuituma, kisha humpelekea mwenzake biti mbili za matokeo kwa njia ya kawaida. Kabla hazijafika, mpokeaji hana cha kusoma, kwa hiyo kasi ya mwanga haivunjwi. Wazo hili lilichapishwa 1993, na jaribio likafanyika Innsbruck, Austria, 1997.

Wanaoitetea kama njia ya kulinda mawasiliano ya siri wana hoja nzito. Mdukuzi akizinasa zile biti mbili hapati kitu, kwa kuwa hali yenyewe haikupita hapo. Hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki, na anayeichezea fotoni njiani huacha alama. Lakini kwangu hoja kubwa zaidi ni ya vituo vya kati. Njia ya kwanta ya Beijing hadi Shanghai, yenye urefu wa kilomita 2,000 hivi, ilijengwa kwa vituo 32 ili kupeleka ufunguo wa siri wa kusimba ujumbe, na kwenye kila kituo cha kati ufunguo huo huwa wazi. Anayekishika kituo ameishika siri. Fungamano lenyewe likirushwa kwa teleportesheni kutoka jozi moja hadi nyingine, kituo cha kati kitaunganisha pande mbili bila kujua lolote.

Tatizo ni umbali kati ya nadharia na mitambo. Mwaka 2017 Wachina walirusha hali za fotoni kutoka Ngari, Tibet, hadi Micius, setilaiti yao ya majaribio ya kwanta, umbali uliofika kilomita 1,400. Katika mapito 32 ya setilaiti, zilihesabiwa 911 tu. Mwaka 2020 setilaiti hiyohiyo ilitumia fotoni zilizofungamana kutengeneza ufunguo kati ya vituo vilivyoachana kilomita 1,120, kwa kasi ya biti 0.12 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, ufunguo wa biti 256 unachukua zaidi ya nusu saa.

Shirika la usalama la Marekani, NSA, limeongeza pingamizi ambalo naliona gumu kulijibu: fizikia haikuhakikishii nani yuko upande wa pili. Kazi hiyo bado inafanywa na hesabu za usimbaji au ufunguo mliopeana mapema. Na adui asiyeweza kusikiliza anaweza kuikata tu njia.

Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya usimbaji vilivyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, zinazotarajiwa kuweza kuvunja usimbaji uliozoeleka. Vinaendeshwa na vifaa tulivyonavyo. Udhaifu wake ni kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa hesabu zake hazitavunjwa kamwe, na data inayonaswa leo inaweza kuhifadhiwa hadi siku zitakapovunjwa. Hata hivyo, benki au hospitali ianze na viwango hivi sasa. Fedha za utafiti wa fungamano ziende kwenye kumbukumbu za kwanta, yaani vifaa vya kuhifadhi fungamano hadi jozi nyingine iwe tayari, kwa sababu bila hizo vile vituo vya kati vitaendelea kuushika ufunguo ukiwa wazi.