Pasaka ya Kushikiwa Simu

Pasaka yangu ya kwanza Uingereza ilikuwa tarehe 12 Aprili 2009. Mkesha wake niliufanyia stoo ya mashuka. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leeds, na mfukoni nina kadi ya kukwangua ya pauni 5, zile za kupigia Afrika. Saa mbili usiku huku ni saa nne Tanzania, na kule kwetu Kibosho, Kilimanjaro, walikuwa wanamalizia yale masomo marefu ya mkesha. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na kwaya, ameinua simu juu ya kichwa. Nikasikia wimbo wa Utukufu unaanza, kengele, vigelegele vya kina mama, halafu mvua ya masika ikashuka juu ya bati na kumeza kila kitu. Kadi ikaisha kabla ya Aleluya.

Miaka kumi na moja baadaye Pasaka ikaangukia tarehe ileile, 12 Aprili 2020, na safari hii Uingereza nzima ilikuwa stoo ya mashuka.

Tangu jioni ya tarehe 23 Machi watu waliambiwa wakae majumbani kwa sababu ya corona. Makanisa yalifungwa, misikiti na masinagogi pia. Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliongoza ibada ya Pasaka kutoka jikoni kwake. Papa Francis alikuwa ameshatoa baraka peke yake mbele ya uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikimnyeshea. Paroko wetu hapa alitegesha simu kwenye rundo la vitabu vya nyimbo, na dakika kumi za kwanza tukawa tunaona kidevu chake tu.

Mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa hapahapa, alinililia Ijumaa Kuu. Mama yake yuko mtaa wa tatu, na alikuwa ameongea naye kupitia kioo cha dirisha. "Hujui inavyouma," akaniambia, "kuwa na mama yako na usiweze kumshika." Nilimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Lakini nikiri: kuna kishetani ndani yangu kilicheka. Mimi kioo changu ni cha simu, na nilikuwa nacho kwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza Pasaka nimeila na nani. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na nimelibeba muda mrefu: kile walichokiita janga la sikukuu, sisi wahamiaji tulikuwa tunakiita Aprili.

Tofauti ni kwamba wao walikuwa na uhakika kitaisha.

Alhamisi Kuu ya mwaka ule sitaisahau. Vatikani ilikuwa imeagiza ibada ya kuosha miguu iachwe. Mimi siku hiyo niliosha miguu kumi na minne, ya wazee saba, nikiwa na glavu na barakoa moja tuliyoambiwa itutoshe kutwa nzima kwa sababu stoo hakuna nyingine. Kuna bibi mmoja wa miaka 92, Mmethodisti, miguu yake baridi kama samaki wa kwenye jokofu. Saa mbili usiku natoka zamu nakuta mtaa mzima uko milangoni unapiga makofi na kugonga sufuria, ile desturi ya Alhamisi ya kuwashangilia wauguzi. Nilisimama na mfuko wangu wa Tesco nikiwa sijui kama napigiwa mimi au natakiwa nipige. Nikapiga.

Huyo bibi Jumapili ya Matawi alikuwa amenipa kicheko cha mwaka. Kabla ya kufungwa, parokia ya Kianglikana ya jirani ilituletea kiboksi cha misalaba midogo ya majani ya mitende, ile inayokunjwa kwa jani moja kavu. Nikawa nampa kila mzee wa kwake. Bibi akaugeuzageuza akaniuliza umetengenezwa wapi. Nikasoma karatasi ya kwenye boksi: Tanzania. Baadaye nikaambiwa misalaba mingi ya namna hiyo inayotumika makanisani Uingereza hukunjwa na wanavijiji wa Masasi. Usiku nikamwonyesha mama kwenye video. Mama alinyimwa viza mwaka 2018, barua ikisema haikuonekana sababu ya kumrudisha nyumbani, yeye mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ng'ombe wawili na zamu ya kufagia kanisa. Akausogelea ule msalaba kwenye kioo. "Wa Masasi? Na umepewa viza?"

Sasa nije nyumbani, maana wengi mnaoishi huku mkianza kulinganisha mnapendelea upande mmoja. Ama Wazungu hawana imani ndiyo maana wakafunga, ama Waafrika hatuna akili ndiyo maana hatukufunga. Kwanza hata hapo nyumbani hatukuwa kitu kimoja. Kenya ilifunga makanisa na misikiti, ikaweka kafyu tangu tarehe 27 Machi; rafiki yangu wa Kisumu mama yake alifanyia Pasaka mbele ya televisheni kama sisi. Tanzania shule zilifungwa, nyumba za ibada hazikufungwa. Tarehe 22 Machi Rais Magufuli alisema kanisani Dodoma kwamba corona ni shetani na haiwezi kukaa ndani ya mwili wa Kristo. Baada ya Pasaka zikatangazwa siku tatu za maombi ya taifa, na mwanzoni mwa Mei takwimu zikakoma kwenye wagonjwa 509.

Kwa hiyo Jumamosi Kuu mama yangu, miaka 71, alivaa gambuti, akajifunika kanga mbili na kupandisha mlima wenye tope kwenda mkesha. Nilimpigia mchana kumzuia. Nikamweleza habari za wazee wangu, tulivyokwisha kupoteza wanne ndani ya wiki mbili. Akasema mlangoni kuna ndoo ya maji tiririka na sabuni, amani hawashikani mikono tena, na yeye asubuhi amejifukiza kwa mwarobaini na majani ya limau. Nikapandisha sauti, jambo ambalo kwetu hulifanyi kwa mzazi.

"Wewe leo umeshinda nyumbani?" akaniuliza.

"Hapana mama, nilikuwa kazini."

"Na kesho?"

"Kazini."

"Haya, mwanangu. Kila mtu aende anakoitwa."

Sikuwa na jibu. Bado sina lililokamilika. Naamini kufunga kulikuwa sahihi. Niliona kwa macho ugonjwa ule unavyopita korido moja kwa usiku mmoja. Naamini pia nyumbani tulidanganywa, na gharama yake tuliihesabu kwa rambirambi kwenye grupu la ukoo, shilingi elfu kumi kumi, marehemu akiwa "amesumbuliwa na kifua." Machi 2021 Padri Charles Kitima, katibu wa Baraza la Maaskofu, ndiye aliyesema hadharani kwamba mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki katika miezi miwili. Lakini mtu akiniambia kwamba sikukuu inahamia sebuleni bila kupoteza kitu, huyo namjua hajawahi kuwa na sikukuu. Pasaka ya Kibosho ni mlango ulio wazi. Ni mtori, supu yetu ya ndizi, kwenye sufuria ambayo hujui italisha watu wangapi, mbege, pombe yetu ya ndizi, inayozunguka kwenye kata moja, watoto wa jirani wanaoingia bila hodi kwa sababu wamesikia harufu. Ukifunga mlango unabaki na chakula kingi na kelele ya friji. Nilichemsha ndizi za dukani Jumapili ile, ndizi za Amerika ya Kusini zisizoiva wala kuwa mbichi, nikala wima.

Mama mmoja wa Unguja, jirani yangu, Ramadhani ilipoingia baada ya wiki mbili aliniletea sambusa, akaweka sahani kizingitini na kurudi nyuma hatua tatu kama anayeogopa mbwa. Alisema tarawehe ataswali sebuleni na wanawe, wanaye imamu wa miaka 14. Nilimwonea wivu. Sisi Wakatoliki bila padri hatuna misa, tuna komunyo ya tamaa tu, ya kutamani kumpokea Kristo bila kuipokea hostia, na jina lake linajieleza.

Walipofungua, wote tukarudi, na parokia yangu ikaondoa kamera. Eti intaneti ni gharama na watu "wamesharudi". Watu gani? Bibi yule wa Kimethodisti hakurudi popote, na wenzake wa ghorofa ya pili ni walewale wa vitanda. Mimi nina zamu Jumapili mbili kwa mwezi. Nililisema kwenye kikao, wakaandika kwenye kumbukumbu, na limebaki humo.

Mama naye magoti yamekataa mlima. Pasaka iliyopita mpwa wangu ndiye aliyekwenda mkesha, akatupigia sote wawili kwa pamoja: mimi nimekaa stoo, sare mwilini, mama sebuleni kwake na kanga zake mbili. Utukufu ulipoanza mvua ilishuka kanisani, na sekunde chache baadaye ikafika kwenye bati la mama, nikawa naisikia mara mbili.