Mpiga Picha za Harusi Naye Ana Mwili

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha kamati ya harusi hapa Dar es Salaam, na tulipofika kwenye kifungu cha picha mjumbe mmoja alishauri bajeti ikatwe nusu na fedha ziongezwe kwenye mapambo, kwa hoja kwamba mtu wa picha kazi yake ni kubonyeza tu. Hakuna aliyempinga, nami nafasi ya kusema sikuipata. Nimepiga picha za mnato kwenye harusi kwa miaka kadhaa, na kauli ile imeniuma kiasi kwamba siwezi kuinyamazia.

Jumamosi ya mpiga picha huanzia saluni, kabla bibi harusi hajamaliza kupambwa, kwa kuwa familia inataka picha ya gauni likiwa limetundikwa, ya pete, ya viatu, na ya mama akimfunga binti yake mkufu. Kutoka hapo anamwahi bwana harusi, kisha anakimbilia kanisani, ambako anatembea kinyumenyume mbele ya maharusi wanaoingia, anapiga magoti, anainuka, anachuchumaa tena ili asimzibe padri. Mabegani ana kamera mbili, na ile lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 70 hadi 200, tunayoitegemea kanisani ina uzito wa kama kilo moja na nusu peke yake, mbali na kamera, flashi na betri. Jioni inamkuta ukumbini, na huko kuna utambulisho, shampeni, keki, ndafu (mbuzi mzima wa kuchomwa) ikiwa familia ni ya Wachaga, halafu zawadi, ambapo kila kundi linaingia likicheza na kila kundi linataka picha yake. Anatoka karibu na saa sita usiku, na mara nyingine usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa kwenye sendofu, yaani sherehe ya kumuaga, ya bibi harusi huyo huyo.

Uchovu huo hauishii miguuni, na hapa ndipo kamati zetu zinapokosea zaidi. Wajumbe huuona ubunifu kama kipaji ambacho mtu anakuja nacho, kikabaki naye salama hata mgongo ukiuma, wakati ukweli ni kwamba jicho linachoka pamoja na mwili na mara nyingi linatangulia kuchoka. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hukichukulia kila kinachokiona kana kwamba kina rangi ya kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza picha, kamera inapunguza mwanga na uso wa bibi harusi, hasa akiwa na rangi ya maji ya kunde au nyeusi tii, unazama gizani. Suti nyeusi ikijaza picha, kamera inaongeza mwanga na lesi yote ya gauni inapotea. Kila mara anayeamua ni mtu, kwa sekunde moja, uso upi uokolewe. Ukumbini hali ni ngumu zaidi, kwa sababu wapambaji wanapenda taa za zambarau na bluu, ambazo hubadilisha kabisa rangi ya ngozi, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Mpiga picha akiongeza kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, bila kufikiri, picha inatoka na mistari ya giza.

Hayo yote anayapima huku mkono umeanza kutetemeka, na bado hajafika kwenye kazi yenyewe, yaani kutambua kwamba bibi aliyeketi meza ya pembeni anataka kulia, na kumfikia kabla hajafuta machozi. Aliyechoka hamwoni bibi huyo. Anasimama mahali ambapo kusimama ni rahisi, ubavuni mwa mtu wa video, na kurudia mikao ile ile ya wiki iliyopita. Albamu ikirudi watu wanalalamika kwamba picha zote zinafanana na za harusi nyingine, na mimi nasema kwa moyo wote kwamba ufanano huo kwa sehemu kubwa umetengenezwa kwenye vikao.

Ratiba nayo hupangwa bila kumuuliza. Dar es Salaam jua la mchana liko utosini na linatia vivuli machoni, kisha linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, na giza letu halichelewi. Misa ikiisha saa kumi na moja, na foleni ya kuelekea ufukweni ikiwa kama tunavyoijua, mwanga mzuri unaobaki ni wa dakika chache.

Nakubali kwamba wapo wenzetu wanaochukua harusi mbili kwa siku moja na kumtuma kijana asiye na uzoefu, na wapo wanaokaa na albamu miezi mingi. Wanaharibu kazi, na siwatetei. Lakini bei ikishushwa nusu, mtu anayelipa kodi ya nyumba anasukumwa kuzichukua hizo mbili, hasa kabla ya Kwaresima na mwezi wa Desemba, harusi zinaporundikana.

Dada zetu wanaopiga picha upande wa wanawake kwenye harusi za Kiislamu, hapa na Zanzibar, wanabeba mzigo huo huo, tena wakiwa na amana ya kuhakikisha hakuna picha inayovuja, na malipo yao ndiyo yanayobishaniwa zaidi. Na mpiga picha apewe sahani ya chakula wakati wageni wanakula, kwa kuwa huo ndio muda pekee ambao hahitajiki kupiga.

Ninachokiomba kinawezekana. Kamati imwite mpiga picha kabla ratiba haijachapwa, na imlipie na msaidizi anayejua kazi, mmoja akae na bibi harusi na mwingine na bwana harusi, wapokezane ukumbini. Ikishindwa kulipia wawili, basi ipunguze saa: aanzie kanisani na aondoke keki ikishakatwa, na picha za zawadi wapige ndugu kwa simu zao.