Vioo vya taa katika mabafu ya hoteli: cheti kinamlinda nani?

Hoteli nyingi zinazofunguliwa au kukarabatiwa siku hizi, kuanzia Nungwi na Paje hadi Masaki na Diani, haziweki tena kioo kitupu bafuni. Kioo sasa kina taa za LED pembeni, kitufe cha kugusa, na mara nyingi pedi nyuma yake ya kuzuia ukungu mgeni anapooga maji ya moto. Kimekuwa kifaa cha umeme, kimetundikwa juu ya sinki, katika chumba chenye maji kuliko vyote. Wenye hoteli, waagizaji na mafundi hawakubaliani kama kifaa hiki kilazimishwe kuwa na cheti cha usalama kinachotambulika, au kama hiyo ni njia nyingine ya kuongeza gharama na makaratasi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Cheti ni cha lazima, ila jinsi tunavyokitumia sasa kinaishia bandarini, wakati anayeweza kupigwa shoti yuko bafuni. Na mwenye hoteli mwenye fedha ya jambo moja tu leo ningemwambia aanze na swichi ya kukata umeme unaovuja, kabla hajafikiria kubadilisha vioo.

Ukikigeuza kioo cha aina hii utaona kisanduku kidogo cha plastiki, draiva, kinachopokea volti 230 na kuzishusha hadi 12 au 24 za kuwashia taa. Watu wakisikia volti 12 hutulia. Lakini volti 230 zimeshafika nyuma ya kioo, na ndani ya kisanduku kile kinachozitenganisha na zile 12 ni milimita chache za nafasi na tabaka jembamba la kuhami. Hapo ndipo kiwanda kinachotafuta bei ya chini hubania, kwa sababu hakuna mteja atakayefungua kuangalia. Pedi ya ukungu nayo, katika vioo vingi, haipiti kwenye draiva kabisa. Ni karatasi ya joto iliyogundishwa mgongoni mwa kioo na kulishwa volti 230 moja kwa moja. Fremu ikiwa ya aluminiamu, basi usalama wa anayeigusa unategemea ama waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, uliofungwa vizuri, ama uhami wa tabaka mbili, ule unaooneshwa kwa alama ya mraba ndani ya mraba.

Mwili uliolowa unaweza kushuka hadi ukinzani wa ohm 1,000 hivi. Volti 230 zikipita hapo ni miliampea 230, na moyo unaweza kuvurugika kwa kiasi kilicho chini sana ya hicho: kuanzia miliampea 30 zikidumu, tayari ni hatari. Sakiti breka ya ampea 10 au 16 haitashtuka, maana kwake hicho ni kiasi cha balbu ya wati 50. Kifaa kinachoona tofauti ni ile swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo mafundi wanaiita RCD au RCCB. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipungua kwa miliampea 30 kinakata katika sehemu ndogo ya sekunde.

Sasa, wanaotaka cheti kiwe sharti wana hoja nzito. Mnunuzi wa vioo mia moja na ishirini vya hoteli hana namna ya kujua kilichomo ndani ya draiva. Hata fundi mzuri hawezi kuona kwa macho kama uhami utastahimili volti elfu kadhaa za majaribio, kama pedi itajizuia kupita joto lake, au kama plastiki ikishika moto itazima yenyewe. Maabara inaweza. Huko Marekani vioo vya taa hupimwa kwa viwango vya UL, taasisi ya kupima usalama wa bidhaa, kama UL 962 au UL 1598, na baada ya kufaulu wakaguzi huendelea kutembelea kiwanda kuona kama kinachotoka leo ndicho kilichopimwa jana. Kwetu, mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania Bara, ZBS kwa Zanzibar na KEBS kwa Kenya wana utaratibu wa bidhaa kukaguliwa nchi zilikotoka na kupewa hati ya ulinganifu, ile CoC ambayo mawakala wa forodha wanaijua vizuri. Uondoe utaratibu huo na soko litajaa vioo vya bei ya kutupwa ndani ya msimu mmoja.

Upande wa pili usidharauliwe. Waagizaji wanasema wanalipia ukaguzi, wanasubiri, halafu wanashindana na mwenzao aliyeingiza vioo hivyohivyo ndani ya kontena lililoandikwa "fanicha". Malalamiko hayo yana msingi, kwa sababu kioo cha taa kinakaa mpakani: ni samani, ni taa, na chenye pedi ni hita pia. Wenye hoteli ndogo nao wanauliza kwa nini walipie zaidi kioo chenye alama ilhali alama zenyewe haziaminiki. Katika hili alama ya CE ndiyo inayowapoteza wengi. Kwa vifaa vya umeme vya aina hii, sheria ya Ulaya inamruhusu mtengenezaji kujitangazia mwenyewe kwamba bidhaa yake inakidhi masharti. Hahitaji maabara huru. Kiwanda makini hupima kwanza, kisha kikabandika. Kisicho makini hubandika tu, na stika haioneshi tofauti. Kwa hiyo anayeniambia "kioo chetu kina CE" bado hajaniambia kama kuna mtu mwingine aliyekipima.

Hata ripoti ya kweli ya maabara ina mipaka. Nimeshaona faili la zabuni lenye ripoti safi kabisa, yenye muhuri na picha, ila namba ya modeli iliyopimwa haikuwa ya kioo kilicholetwa. Tofauti ilikuwa herufi mbili za mwisho, na herufi hizo ndizo zilizomaanisha "yenye pedi". Kioo kilichopimwa hakikuwa na pedi. Hakuna aliyesoma, kwa sababu kazi ya ile ripoti ilikuwa kujaza nafasi kwenye orodha ya viambatanisho.

Hoja ya wapinzani wa cheti ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote ni ile inayohusu ukuta. Maabara hupima kioo kipya. Alama ya IP44, ambayo ndiyo huombwa kwa bafu, maana yake ni kwamba kitu cha unene wa milimita moja au zaidi hakipenyi, na maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayaleti madhara. Jaribio lenyewe ni la dakika chache, kwa maji ya kawaida. Haliulizi kioo kitakuwaje baada ya miaka mitatu ya hewa ya chumvi mita hamsini kutoka baharini, mpira wa kuzibia ukishakauka na skrubu zikishaota kutu.

Mabafu yetu pia hayafanani na yale yaliyomo kwenye michoro ya viwango. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, sehemu ya 701, kinagawa bafu kwa kanda kulingana na umbali kutoka kwenye maji. Penye beseni la kuogea, kanda ya pili inaenea sentimita 60 kutoka ukingoni. Lakini penye bafu la wazi lisilo na beseni, ambalo ndilo la kawaida kwetu, kanda ya kwanza, yenye masharti makali zaidi, inafika sentimita 120 kutoka kwenye bomba la mvua. Chukua chumba cha hoteli ndogo ambamo sinki na bomba la mvua viko ukuta mmoja, vimetenganishwa na pazia au bila chochote. Pima. Mara nyingi kioo kimo ndani ya hizo sentimita 120, na fundi aliyekifunga anaamini kipo mahali pakavu kwa sababu kipo juu ya sinki.

Ethi nayo ni shida ya pekee pwani. Fimbo ya ethi ikipigwa kwenye jiwe la matumbawe, kama lilivyo sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja, ukinzani unabaki mkubwa, na umeme ukivuja kwenye fremu hautapata njia nzuri ya kuangusha breka. Hali hiyo ndiyo inayonifanya niitaje RCD kwanza. Na bado kuna mafundi wanaokata plagi ya kioo, wanaunga nyaya mbili, halafu ule wa kijani na njano wanaukunja na kuusukuma nyuma kwa sababu taa inawaka bila huo. Kioo chenye cheti bora duniani, ukishakifanyia hivyo, cheti chake hakina maana tena.

Kisha umeme unakatika, jenereta linawaka, umeme unarudi, na draiva zinakufa. Baada ya muda kioo hakiwaki. Idara ya matengenezo inanunua draiva yoyote dukani yenye wati zinazokaribiana na kuifunga. Kuanzia saa hiyo kioo kilichoingia nchini na hati zote ni kifaa kingine kabisa, ambacho hakuna maabara iliyokipima. Ningetamani wanaodai cheti walizungumzie hili kwa ukali uleule wanaozungumzia makontena.

Mazungumzo haya yote humtaja mgeni. Mgeni anakaa siku nne au tano, anagusa kitufe cha kioo, anaondoka. Mhudumu wa vyumba anasafisha vyumba kumi au zaidi kila siku, mwaka mzima. Anapuliza dawa kwenye kioo, anapitisha kitambaa kibichi ukingoni mwa fremu, mkono mwingine umeshika bomba la sinki, sakafu imelowa na miguuni ana malapa yaliyolika. Akipigwa shoti ndogo atasema kioo cha chumba fulani "kinatetema", atamwambia mwenzake awe mwangalifu nacho, na kazi itaendelea. Taarifa hiyo haifiki kwa anayenunua vioo. Kama cheti kina mtu wa kumlinda hasa, ni huyu, na hakuna anayemuuliza chochote.

Kwa hiyo nani asimamie? Historia ya vyeti hivi inatufaa hapa. Baada ya maonesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, ambako taa za umeme zilitumika kwa wingi na hofu ya moto ilikuwa kubwa, mhandisi kijana aliyeitwa William Henry Merrill alianzisha maabara ya kupima vifaa vya umeme mwaka 1894. Ndiyo iliyokuja kuwa UL. Fedha zake za mwanzo zilitoka kwa kampuni za bima ya moto, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikilipa majengo yalipoungua. Kampuni ya bima inayokata bima ya hoteli yenye vyumba mia moja hapa kwetu ina sababu hiyohiyo. Ikiuliza kabla ya kuhuisha bima kama saketi za mabafu zina RCD na kama zimepimwa mwaka huu, mwenye hoteli atajibu haraka kuliko atakavyojibu mkaguzi anayepita mara moja kwa miaka kadhaa.

Inabaki hofu kwamba masharti makali yatawamaliza watengenezaji wetu. Mafundi wa vioo na samani wa Keko, Dar es Salaam, na kwingineko wanatengeneza vioo vizuri vya taa kwa kununua kioo, utepe wa LED na draiva. Kupima modeli moja kwenye maabara ya kimataifa kunaweza kugharimu maelfu ya dola, na fundi anayeuza vioo vichache kwa mwezi hawezi. TBS, kwa kupitia SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, imekuwa ikiwasaidia wajasiriamali wadogo kupata alama ya ubora bila kulipia, lakini sidhani kama fundi huyu anahitaji kubeba mzigo wote. Atengeneze kioo cha volti 12 tupu. Draiva yenye cheti chake ikae nje ya bafu, juu ya dari ya korido au ndani ya kabati la chumba, na kinachoingia bafuni kiwe waya wa volti 12 peke yake. Pedi za ukungu za volti 12 au 24 zipo. Hapo cheti kinachohitajika ni cha kisanduku kimoja kidogo ambacho tayari kinauzwa kikiwa kimepimwa, na draiva ikifa inabadilishwa bila kubandua kioo. Kwa hoteli mpya naona hili ndilo bora hata kwa vioo vya kutoka nje.

Kwa anayeagiza sasa hivi, mkataba udai namba ya modeli ileile iliyo kwenye ripoti, pamoja na pedi kama ipo, na namba ya cheti ihakikiwe kwenye hazina ya taarifa ya mtoa cheti mwenyewe. UL, kwa mfano, inaruhusu mtu kujisajili bure na kutafuta. Kioo kilichopimwa kwa volti 120 za Marekani pekee hakitufai, hata kiwe na alama gani. Na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri kipimo cha ethi kwenye fremu ya kila kioo, kikiandikwa chumba kwa chumba.

Vile vilivyokwisha kufungwa havitafikiwa na cheti chochote. Vipo ukutani, ripoti zao zimepotea, na kuvibandua ni kuvunja vigae. RCD hufungwa kwenye bodi ya umeme, hivyo inaweza kuwekwa bila kugusa bafu hata moja. Haitazuia pedi kupata moto wala plastiki mbovu kuungua, na hewa ya chumvi huila nayo, kwa hiyo kitufe chake cha kujaribia kinapaswa kubonyezwa kila baada ya miezi michache na jina la aliyebonyeza liandikwe. Siku ya kwanza ikianza kukata ovyo, fundi asiing'oe ili wageni wasilalamike. Aanze kutafuta kioo kinachovuja, akianzia na vile ambavyo wahudumu wa vyumba watamwonesha kwa kidole.