Taashira katika riwaya ya kisasa: kujirudia pekee hakutoshi
Kitu kikitajwa mara tano katika riwaya, wasomaji wengi huamini wameshapata taashira, yaani kitu kinachosimamia maana iliyo zaidi yake chenyewe. Huenda wamepata samani tu. Mhusika anayeishi kando ya mto hana budi kuuvuka, na huo mto unaonyesha mahali, basi.

Kwa hiyo kazi ya kufasiri huanza na orodha. Andika kila ukurasa kitu kinapotokea, nani anakiona, kinatumiwaje, na kimebadilika nini tangu mara iliyopita. Chukulia riwaya ya kubuni ambamo mjane hatengani na ufunguo. Ukurasa wa 12 anafunga kabati la marehemu mumewe. Wa 90 anamfungia bintiye chumbani. Wa 204 anafunga duka lililofilisika. Anayefasiri kwa mazoea atasema ufunguo ni uhuru. Orodha inamkana: haujafungua mlango hata mmoja. Kosa lake ni kubandika maana aliyoikariri (maji ni utakaso, ndege ni uhuru) kabla ya kutazama matendo.

Wapo wanaotaka mwandishi ndiye aulizwe. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani inazuia kila mtu kujisemea lake. Lakini wanazuoni wa Marekani Wimsatt na Beardsley walionya tangu 1946 kwamba nia ya mwandishi si kipimo cha kuihukumia kazi yake, na mwaka 1967 mhakiki Mfaransa Roland Barthes akamtangaza mwandishi kuwa amekufa, maana ikabaki kwa msomaji. Uhuru huo unakubalika, ila una gharama: fasiri ibebe orodha nzima, si kurasa mbili zinazoipendelea. Ikikwama ukurasa wa 204, irekebishwe, au mhakiki akiri kwamba pale duka lilikuwa duka tu.

Waandishi wa siku hizi, tena, wanajua wasomaji wanawinda taashira, na hutega. Msimulizi wa nafsi ya kwanza akitamka mwenyewe kwamba ufunguo ndio maisha yake, hiyo ni kauli ya mhusika, na wahusika hujidanganya. Ushahidi wa maana zaidi ni pengo. Binti anapoondoka nyumbani, mjane anaacha mlango wazi na ufunguo hautajwi kabisa. Tukio hilo nalo liingie kwenye orodha. Anayetegemea kutafuta neno “ufunguo” ndani ya kitabu cha kielektroniki hatalipata.